Karatasi za Karanga

Kadi zote ishirini na nne zilikuwa zimelowa chapa chapa, na mkaguzi alikuwa anakuja saa nne asubuhi.

Saidati alizikuta hivyo alfajiri, alipofungua chumba cha watoto. Mvua ya usiku ilikuwa imejitafutia tundu jipya kwenye bati, ikaacha sakafu nzima yenye nafasi na kudondokea papo hapo penye boksi la kadi, kana kwamba imetumwa. Hakuwa na muda wa kulaani. Aliwasha makaa, akafunika mbabula, jiko lake la makaa, kwa sinia bovu la aluminiamu, akaanza kuzianika kadi juu yake nne nne, akizigeuza kwa ncha ya kisu.

Chumba hicho kilikuwa nyuma ya duka la mshonaji mmoja pale Mbugangari, mjini Gisenyi, na watoto waliokusanyika humo walikuwa thelathini na wanne, wa miaka mitatu mpaka sita. Mama zao waliuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, pamoja na ndizi na nguo kuukuu. Baba zao walisukuma mikokoteni, au walikuwa kwenye mitumbwi ziwani, au hawakuwapo tena na haikuwa adabu kuuliza. Tangu mwaka wa tisini na sita Saidati alikuwa akiwafundisha bila kitu hata kimoja kilichotoka dukani. Kuhesabu, walihesabu kwa vifuniko vya chupa za bia, ambavyo alikuwa akiviokota mwenyewe nje ya mabaa huku amejitanda mtandio, mpaka siku moja shehe akamwita pembeni kumuuliza kulikoni. Kujua kikubwa na kidogo, walipanga mawe meusi ya volkano, ambayo mji huu haujawahi kuyapungukiwa. Wanasesere walikuwa magunzi ya mahindi yaliyovishwa vipande vya kitambaa vilivyoanguka chini ya cherehani. Magari yalitengenezwa kwa mabua ya mtama. Kwa kuzoeza vidole kalamu, alitoboa vipande vya katoni kwa msumari na watoto wakapitisha kamba za viatu, huku na huku, mpaka ua au nyumba itokee. Rangi nyekundu aliipata kwa kuchemsha kokwa za avokado, ya bluu kwa bluu ya kufulia, nyeusi kwa mkaa. Alikuwa mwanamke wa kuona kitu ndani ya takataka, na alijivunia hilo kidogo, ingawa hakuna aliyewahi kumsifia.

Lakini kadi ndizo zilizomtoa jasho. Kila kadi ilikuwa kipande cha katoni ya mafuta ya kula, juu yake karatasi, na juu ya karatasi herufi na picha. Katoni tupu ni ya kahawia, rangi haionekani, kwa hiyo karatasi nyeupe ilikuwa lazima, na karatasi nyeupe ya dukani ilikuwa kwa wenye nazo. Alinunua kwa Egide. Egide alikaa sokoni na mafurushi ya makaratasi ya ofisini yaliyoandikwa upande mmoja, akiwauzia kwa kilo wauza karanga na chapati. Saidati alipaka gundi upande ulioandikwa, akaugandamiza kwenye katoni, na ule mweupe ukabaki juu. Hakusoma kilichoandikwa. Karatasi ya karanga haisomwi na mtu. Mji mzima ulikula karanga ndani ya mihuri ya serikali, ukalamba chumvi iliyobaki, ukatupa.

Na gundi yenyewe ilikuwa unga wa muhogo uliokorogwa kwenye maji moto. Muhogo ulitoka ng'ambo ya mpaka, na tangu vita vilipoanza tena huko mwezi wa nane, mpaka ulifunguliwa na kufungwa kama mlango wa choo cha sokoni, na kipimo cha unga kikawa kimepanda maradufu. Mama anayepika gundi huku anaufikiria ugali wa jioni atafanya nini? Ataipika nyepesi. Ndiyo maana asubuhi hii, kila kadi ilipopata joto, karatasi yake ilijiinua pembeni na kuachana na katoni.

Siku nyingine angecheka. Lakini lilikuwa limetoka agizo kwamba shule za watoto wadogo zisizo na cheti zifungwe mwisho wa mwezi huu wa Novemba, na wale wafadhili waliokuwa wakileta unga wa uji walisema wao nao watawapa wenye cheti tu. Katika gunia lililobaki palikuwa na uji wa siku sita. Saidati aliwajua kwa majina watoto ambao kikombe kile cha saa sita ndicho chakula chao mpaka kesho yake. Walikuwa kumi na mmoja.

Basi alichukua unga wa ugali wa jioni, akaupika wote, gundi nzito ya kweli, akaanza kubandika upya. Kadi ya samaki ilikuwa imeachana kabisa. Karatasi yake ikajipindua yenyewe juu ya sinia, upande wa maandishi ukaja juu, na jicho lake likaangukia alama ya dole gumba, kubwa, ya zambarau, na kando yake jina: Kabatesi.

Kabatesi ndiye aliyekuwa mpishi wa uji. Binti yake Mukundwa, wa miaka mitano, alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Kila Jumanne, kwa miezi tisa, Kabatesi alivaa kitenge chake kizuri akaenda ofisi ya ustawi kuulizia barua aliyoandikiwa na karani wa mtaani, maana yeye kusoma hakujaliwa. Kila Jumanne aliambiwa jambo. Barua iko juu. Barua iko Kigali. Mwenye ufunguo hayupo. Alirudi, akavua kitenge, akakoroga uji.

Saidati alisoma. Barua ilikuwa fupi. Ilisema kwamba mwezi wa pili mume wake, Hakizimana, baharia wa mtumbwi wa uvuvi, alikwenda soko la Mahoko na vikapu viwili vya sambaza, kukafanywa msako, akachukuliwa pamoja na wengine. Ilisema mwombaji hana ubishi na serikali. Anaomba tu kuambiwa mume wake yuko wapi, apate kumpelekea chakula na blanketi. Juu, pembeni, palikuwa na muhuri: imepokelewa.

Ndipo akazigeuza na nyingine. Mjane aliomba mabati. Mzee aliomba kurudishiwa shamba lake. Mwanamke aliomba karatasi ya kuzaliwa ya mtoto, kwa mara ya tatu, na mara hii alikuwa ameongeza maneno ya kuomba radhi kwa usumbufu. Zote zilikuwa na muhuri. Saidati aliona haya, haya ya kweli ya kupandisha joto masikioni, kama mtu aliyegundua kwamba kitambaa alichopangusia meza ni sanda.

Nje, mzigo wa kuni ulitupwa chini. Kabatesi alikuwa amefika.

Hapa inafaa kusema wazi alichokifanya, maana baadaye yeye mwenyewe hakujificha. Alipaka gundi, akamgandamiza samaki mahali pake, akaiweka kadi kwenye sinia na uso wake juu. Alijiambia kwamba mkaguzi anakuja saa nne, kwamba Kabatesi si mwanamke wa kunyamazia jambo kama hili, na wala hana sababu ya kulinyamazia, na kwamba mkaguzi akishatoa mguu atamweleza yote. Alijiambia hivyo, na alikusudia hivyo.

"Mama Nasrine, unachoma nini?" Kabatesi aliuliza mlangoni, akimwita Saidati kwa jina la bintiye. "Inanukia ugali."

"Kadi zilinyeshewa."

Kabatesi alisema pole, akaingia, akaanza kusaidia kuzigeuza. Alieleza kwamba amemvalisha Mukundwa robe ya Pasaka, gauni lake la sikukuu, kwa ajili ya mgeni. Alipofika kwenye samaki, aliifuta kadi kwa ncha ya kitenge, polepole, asiharibu rangi.

"Hii moja, Mukundwa anaipenda sana. Anasema samaki iko ndani ya mutumbwi ya baba yake."

Saidati alisema makaa yamepungua, akatoka nje kutafuta mengine.

Mkaguzi alifika saa tano na nusu, kwa pikipiki, na koti la mvua lililofika chini ya magoti. Jina lake Mutabazi, wa ofisi ile ile ya ustawi. Alikuwa amekulia Karagwe, upande wa Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, cha redioni, ambacho hapa Gisenyi kiliwafanya watu wakae vizuri kitini. Hakuwa mtu mbaya. Alivua viatu mlangoni asichafue mkeka, jambo ambalo wakaguzi hawafanyi, na watoto walipomwimbia alisubiri wimbo uishe.

Alikuwa na fomu yenye visanduku. Choo, alikiandikia alama. Madirisha, vivyo hivyo. Bati alilitazama, akalitazama tena tundu, akapita. Aliuliza diploma ya ualimu, na Saidati akamwonyesha alichokuwa nacho, cheti cha ushonaji na matokeo ya miaka mitatu ya sekondari. Mutabazi akakuna kidevu, akaandika kitu kirefu. Kisha akasoma kwamba vifaa vya kufundishia visipungue aina tano, na viwe na risiti.

"Risiti ya mawe, Bwana Mutabazi?" Saidati aliuliza.

Mkaguzi akacheka. Akakaa kwenye kibao cha watoto, magoti yakamfika kifuani, akaletewa kila kitu. Alihesabu vifuniko na Denyse, mmoja wa watoto, akahesabishwa upya alipokosea makusudi. Alipitisha kamba ya kiatu kwenye katoni iliyotobolewa akatoa nyumba iliyopinda. Alilishika gari la mabua akasema kwao Karagwe walikuwa wakitengeneza ya makopo, na magurudumu walichonga kwenye ndala, na mtu mwenye ndala mbili nzima alionekana mchoyo. Alama zilikuwa zinaingia kwenye visanduku moja baada ya nyingine. Saidati alianza kupumua. Alikuwa amekwisha kuuona uji wa miezi mitatu ukimiminwa.

Ndipo Mukundwa, ndani ya robe yake ya Pasaka, akamletea mgeni kadi aipendayo kuliko zote, akamtaja samaki kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya kufika barabarani: "Ifi!"

Mutabazi alisema vizuri sana, akaipokea. Pembe moja ilikuwa bado mbichi, na mkono wa mtu wa makaratasi hautulii. Ukucha wake ukaichokonoa ile pembe huku macho yakimtazama mtoto. Karatasi ikafunguka. Akaona muhuri, akaona alama ya dole, na kando ya muhuri akaona saini fupi, herufi mbili zilizofungwa fundo. Saini hiyo ilikuwa yake mwenyewe.

Aliwaomba watoto watoke wakacheze. Walipotoka, alibandua kadi ya pili, ya tatu, ya nne, akizilaza kifudifudi kwenye goti.

"Hizi umezitoa wapi, mwalimu?"

"Sokoni. Kwa Egide, ile mutu wa makaratasi. Kila mutu ananunua kwake."

"Ulijua ni nini?"

"Nimejua leo asubuhi."

Mutabazi akaanza kueleza, kwa sauti ya chini, kana kwamba Saidati ndiye mkaguzi. Stoo ilikuwa imejaa. Ilitakiwa nafasi ya kuweka magunia. Mtumishi wa ofisi aliambiwa azichome, na mtu mwenye watoto sita hachomi karatasi inayouzika.

"Kuchoma?" Saidati aliuliza. "Watu wanangojea majibu mpaka leo."

"Mwaka huu tumepokea barua elfu moja na zaidi. Wa kuzisoma tuko wawili, na mmoja anaumwa." Alizipanga karatasi zikawa sawa. "Sikiliza, mama. Nikiandika nilichokiona humu, nitaandika kwamba nyaraka za serikali zimekutwa kwako. Wataanzia hapa, hawataanzia stoo. Nisipoandika, basi sitaweza kuziacha. Nipe zote niondoke nazo, na cheti nakugongea sasa hivi. Wewe ndiye wa kuchagua."

Hakutisha. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia mbili za kwenda sehemu moja. Saidati alisikia watoto nje wakihesabu mawe, na mwiko wa Kabatesi ukigonga ukingo wa sufuria. Bora nusu shari kuliko shari kamili, ndivyo alivyofundishwa tangu utoto, na miaka ile nusu shari ndiyo iliyokuwa imewaweka watu hai.

"Niachie moja," alisema. "Ile ya samaki. Mwenyewe iko hapo nje anapika uji."

Mutabazi aliitazama kadi ya samaki.

"Hiyo ndiyo yenye saini yangu," alisema, akaiweka chini kabisa ya fungu.

Kadi zikaingia kwenye gunia tupu la unga. Kwenye fomu, mahali pa vifaa vya kufundishia, mkaguzi aliandika: vipo, vya kutosha. Akatoa cheti mkobani, akatoa muhuri, akaupulizia pumzi ya moto, akagonga. Ulikuwa muhuri ule ule, na wino ule ule wa zambarau.

Kabatesi aliingia na kikombe cha uji wa mgeni. Aliona cheti mezani, uso wake ukafunguka wote. Mutabazi alikunywa haraka, kwa heshima, akainuka na gunia, lakini Kabatesi hakukubali. Mgeni habebi mzigo mbele ya wenyeji wake, alisema, akalitwaa gunia, akaliweka kichwani, akatangulia mpaka kwenye pikipiki. Akalifunga yeye mwenyewe nyuma ya kiti kwa mpira, akavuta fundo kuhakikisha halitalegea kwenye mashimo ya barabarani. Saidati alisimama mlangoni akiangalia.

"Inspekta, samahani," Kabatesi alisema, mikono ameikutanisha tumboni. "Mi niko na barua kwenu kuanzia mwezi wa pili. Habari ya bwana yangu. Naitwa Kabatesi."

Mutabazi alikuwa anatafuta ufunguo mfuko huu na ule.

"Andika nyingine, mama," alisema hatimaye. "Ile ya kwanza inawezekana imepotea."

"Nyingine?" Kabatesi alilifikiria hilo. "Bon, sawa. Asante. Mungu akubariki."

Pikipiki ikaondoka na gunia. Kabatesi alirudi anatembea kama aliyepunguziwa mzigo. Miezi tisa, alisema, na huyu ndiye wa kwanza kumwambia neno tofauti. Wengine wote walisema ngoja. Huyu amesema andika. Donc, basi, kuna mtu anaisoma. Akamwomba Saidati, mwenye mwandiko mzuri, amwandikie leo hii, ili kesho aipeleke bila kungoja Jumanne.

Saidati alimwambia. Alimwambia pale pale kando ya sufuria, bila kuzunguka, kwamba barua yake haikupotea, kwamba ilikuwa kwenye kadi, kwamba aliiona asubuhi akaibandika tena, na kwamba imeondoka sasa hivi ndani ya lile gunia. Kila sentensi ilimchoma akiitoa, na alistahili kuchomwa.

Kabatesi hakupiga kelele. Aliendelea kukoroga, kwa sababu uji ukiachwa unaungua.

"Ilikuwa picha gani?"

"Samaki."

Mwiko ulizunguka mara tatu, nne.

"Uliisoma na macho yako?"

"Niliisoma."

"Basi kesho tutaenda sisi wawili. Utasema mbele yao uliiona. Mi peke yangu watasema sikuandika."

Saidati alikiona cheti kupitia mlangoni, wino wake bado haujakauka. Aliwaona watoto, wamekwisha kupanga foleni na vikombe vyao vya plastiki, Nasrine wake akiwa mbele kabisa, maana binti wa mwalimu hujipa cheo. Alifikiri jinsi cheti kinavyotolewa kwa dakika moja, na kunyang'anywa kwa nusu yake.

"Watoto, Mama Mukundwa," alisema. "Watoto watakula nini?"

"Watoto," Kabatesi alisema. "Bon."

Alimimina vikombe thelathini na vinne. Hakumwaga hata tone, hakumpa huyu kingi na yule kidogo, na alipofika kwa Mukundwa alimpa sawa na wengine. Kisha akasugua sufuria kwa mchanga, akaisuuza, akaifunika. Akamshika binti yake mkono, wakaondoka bila kuaga. Saidati alijua kwamba kesho mpishi hatakuja, na kwamba Mukundwa naye hatakuja, na kwamba wale kumi na mmoja sasa ni kumi.

Saa nane, watoto walipokwisha kuchukuliwa, alikigongomea cheti ukutani kwa msumari ule ule wa kutobolea katoni. Hakufurahi. Alichukua mfuko wake akaenda sokoni, maana kadi hazikuwapo tena, na fomu ilisema zipo.

Soko lilikuwa na tope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Egide alikuwa mahali pake, juu ya turubai, makaratasi yake yamefungwa kwa katani mafungu mafungu. Alimwona Saidati akatabasamu, akatwaa fungu moja akaliweka kwenye mizani kabla hajaombwa. Kilo moja ya mwalimu, alisema, safi, haina madoa ya mafuta.

Saidati alivuta karatasi ya juu. Akaigeuza. Hakuwa amepanga kitu. Alikuwa amekuja kununua karatasi, na lau angeligeuza jicho pembeni kama alivyozoea, angeondoka na kilo yake. Ilikuwa barua kutoka Rubavu, ya mwezi wa tano, ya mwanamke aliyeunguliwa na nyumba.

"Mukagatare," alisoma. "Egide, unamjua Mukagatare wa Rubavu?"

Egide alisema yeye anauza karatasi, hauzi habari, na akamwomba aache kuzifungua, wino unatoka. Alisema hivyo akiangalia upande, na sauti yake ilikuwa ya woga zaidi ya hasira.

Saidati alilitaja lile jina tena, kwa sauti ya mwalimu, ile inayomfikia mtoto wa mwisho aliye dirishani. Kwenye meza ya sambaza, hatua tano kutoka pale, mama mmoja wa makamo aliacha kupima. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaja akipita juu ya matope, na magamba ya samaki yaking'aa mpaka viwikoni.

"Ni mimi," alisema. "Wamejibu nini?"

Saidati alimtazama. Alimwambia hawajajibu. Alimwambia hii ndiyo barua yake mwenyewe, mama, iko hapa inauzwa. Mukagatare hakuelewa, au hakutaka kuelewa, akamwomba amsomee. Basi Saidati akaisoma yote, tangu salamu za heshima mpaka mwisho, mabati kumi na mawili, watoto wanne, mvua inayokuja, ahsante kwa kunisikiliza. Alipomaliza, muuza chapati wa jirani alikuwa ameiacha chapati yake ikiungua. Mtu mmoja aliuliza kama kuna za Mbugangari pia. Mwingine akasema ya kwake aliipeleka Juni, ina karatasi mbili.

Egide alianza kufunga turubai, lakini watu walikuwa wamekwisha kulikanyaga. Kule langoni mtoza ushuru wa soko alisimama, akatazama, kisha akashika njia ya kuelekea ofisini, wala hakuwa akitembea polepole. Saidati alimwona. Alijua anakwenda kwa nani, na alijua msumari wa cheti haukuingia sana ukutani. Akavuta karatasi ya pili akaigeuza, akasoma jina.

Hakuna aliyewaambia, lakini watu walijipanga mstari, mmoja nyuma ya mwenzake, vifurushi vyao mkononi, kama walivyozoea kujipanga kule ofisini. Na kila aliyefika mbele alivua kofia au kurekebisha kitambaa cha kichwa, akataja jina lake, akangoja.